Furaha Itokayo Makaburini

Msomaji, bila shaka umepata kuyasikia majina ya bendi za zamani za Afrika ya Mashariki kama vile Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Shirati Jazz. Huenda ulidhani kwamba neno hilo la mwisho ni pambo tu la jina. Kweli ni kwamba bendi hizo zilikuwa na miziki yao wenyewe, nyingine zikifuata rumba ya Kuba na nyingine zikapiga benga. Lakini neno walilojipamba nalo lilitoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, nalo lina historia ambayo yafaa kila kijana aijue. Jazi ni muziki ambao watu wa mataifa mengi huutafuta watakapo kuchangamsha moyo. Baadhi ya nyimbo zake haziwahi kumaliza hata dakika moja kabla miguu ya msikilizaji haijaanza kutikisika. Swali nitakalo tulitafakari pamoja ni hili: furaha hiyo ilitoka wapi?

Mtu angeweza kufikiri kuwa muziki wa furaha huzaliwa na watu wenye raha. Historia yatufundisha kinyume chake.

Tusafiri kwa fikira mpaka New Orleans, mji wa bandari kando ya mto Mississippi, kusini mwa Marekani. Mwaka 1817 baraza la mji huo lilitoa amri kwamba watumwa wasikusanyike kucheza ngoma ila siku ya Jumapili, tena mahali pamoja tu palipochaguliwa. Mahali hapo palikuja kuitwa Congo Square. Hapo watu walioletwa kutoka Afrika, pamoja na wana na wajukuu wao, walipiga ngoma, wakaimba kwa kupokezana, na wakacheza mpaka jua likachwa. Siku sita za juma zilikuwa mali ya bwana. Saa chache za Jumapili zilikuwa zao.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, lakini dharau haikukoma pamoja nao. Mwaka 1890 jimbo la Louisiana lilitunga sheria ya kuwatenga watu weusi na wazungu katika magari ya moshi. Mwaka 1892 mtu mmoja wa New Orleans, Homer Plessy, alikaa kwa makusudi katika behewa la wazungu ili sheria hiyo ipelekwe mahakamani. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilimhukumu kuwa ameshindwa, na ubaguzi ukapata muhuri wa sheria kwa zaidi ya nusu karne.

Watu walionyimwa haki hawakuwa na budi kutegemeana. Basi watu weusi wa New Orleans waliunda vyama vya kufa na kuzikana. Kila mwanachama alitoa fedha kidogo kidogo. Akiugua, chama kilimsaidia, na akifa, kilimzika kwa heshima. Na heshima kubwa ya maziko katika mji ule ilikuwa ni kusindikizwa na bendi ya matarumbeta, mfano wa zile zilizoleta ngoma ya beni katika pwani yetu.

Hebu yatazame maziko hayo. Jeneza linatoka kanisani. Bendi imetangulia, nayo yapiga nyimbo za dini kwa mwendo wa pole sana, hatua moja, kisha nyingine. Ile ngoma ndogo yenye nyuzi chini yake imetiwa kitambaa ili sauti yake iwe nzito, kama mtu anenaye huku amejizuia kulia. Hakuna acheke. Hivyo ndivyo wanavyokwenda mpaka makaburini, na maiti akazikwa.

Watu wakishaondoka kaburini na kufika mbali kidogo, mpiga ngoma hukitoa kile kitambaa. Ngoma hulia kwa ukali, tarumbeta huita, na bendi nzima hulipuka kwa wimbo wa furaha. Huenda ukawa ni wimbo ule ule wa kanisani uliopigwa taratibu wakati wa kwenda, sasa umebadilishwa mwendo. Wafiwa hufuta machozi, na leso ile ile iliyofuta machozi hupeperushwa hewani. Watu wa mitaani huifuata bendi nyuma wakicheza, wengine wamekunjua miavuli. Nao kwa desturi huitwa mstari wa pili. Sisi twajua desturi ya kuanua matanga baada ya siku kadhaa. Wao huyaanua njiani, kabla hawajafika nyumbani. Desturi hiyo ingali hai katika mji ule hata leo.

Labda utauliza, ni ufundi gani uwezao kuugeuza moyo wa mfiwa upesi namna hiyo? Jaribu kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Katika gwaride la askari mkazo huangukia moja na tatu. Wasikilizaji wa jazi hupiga makofi juu ya mbili na nne. Tena mpigaji hodari hatii sauti yake juu ya pigo lenyewe kila mara. Huitia kabla yake kidogo, au baada yake kidogo. Sikio lako lataraji sauti hapa, nayo yatokea pale, na mwili wako wajikuta ukitikisika ili kuziba pengo hilo. Juu ya hayo, tarumbeta hushika wimbo, klarineti hukimbia juu yake, na tromboni hunguruma chini. Kila mmoja hubuni maneno yake mwenyewe, lakini wote huwa katika mazungumzo mamoja. Hukumbuki wale waimbaji waliopokezana Congo Square?

Miongoni mwa watoto waliozifuata bendi hizo mitaani alikuwako Louis Armstrong, aliyezaliwa mwaka 1901 katika mtaa wa maskini. Mkesha wa mwaka mpya wa 1913 alifyatua bastola hewani kwa kusherehekea, akakamatwa, akapelekwa katika nyumba ya kurekebishia wavulana. Katika nyumba hiyo alifundishwa kupiga tarumbeta. Sahani ya kwanza ya jazi ilikuwa imetolewa mwaka 1917 na bendi ya wazungu, hivyo waliolima si wao waliotangulia kuvuna. Lakini mwaka 1922 Armstrong alikwenda Chicago, na sahani alizotoa huko kati ya mwaka 1925 na 1928 ziliubadilisha muziki huo duniani kote. Mwaka 1938 alirekodi "When the Saints Go Marching In", wimbo wa dini uliopendwa na bendi za mji wake, nao hata sasa ni mmoja wa nyimbo za jazi zinazojulikana na kupendwa kuliko zote.

Armstrong alikuwa mtu wa kucheka sana jukwaani, na baadhi ya vijana weusi walimlaumu kuwa anachekea wazungu. Kisha ukafika Septemba 1957. Katika mji wa Little Rock, gavana wa Arkansas aliweka askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie katika shule ya sekondari. Wanafunzi hao, msomaji, walikuwa wa umri kama wako. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa yataka kumtuma Armstrong katika Urusi ya Kisovieti kuwa balozi wa muziki. Alikataa, na akaishutumu serikali hadharani kwa jinsi ilivyowatendea watu wake. Baadaye mwezi huo huo Rais Eisenhower alipeleka majeshi kuwalinda wanafunzi wale.

Basi utaona kwamba kicheko cha mtu huyo hakikuwa cha mjinga asiyejua dhiki. Alijifunza furaha yake nyuma ya majeneza, kwa watu waliolia kwanza kama ilivyopasa, kisha wakakataa kulia milele.

Wahenga wetu walisema, baada ya dhiki faraja. Watu wa New Orleans waliona kwamba dhiki yao haiishi leo wala kesho. Nao hawakuingoja iishe ndipo wafarijike. Siku utakaposikia wimbo wa jazi na moyo wako ukainuka, sikiliza sana ile ngoma ndogo, ukumbuke kwamba kilikuwapo kitambaa, na kwamba alikuwapo mtu aliyekitoa.