Bima Isiyouona Mto: Mafuriko na Fidia katika Kaunti ya Tana River

Tana River inaweza kufurika siku ambayo hapajanyesha hata tone. Kaunti yenyewe ni kame. Ukiacha Kipini na eneo la delta, ni nchi ya bara, yenye zaidi ya kilomita za mraba 38,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 315,943. Maji yanayowahamisha watu wa Bura, Hola na Garsen hunyesha mamia ya kilomita kutoka kwao, kwenye miteremko ya Aberdare na Mlima Kenya. Hupita mabwawa matano ya Mto Tana, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha hushuka Garissa na kuingia mashambani. Mkulima wa Kipokomo aliyepanda mahindi ukingoni anaweza kusimama chini ya mbingu nyeupe huku maji yakimfika magotini. Hoja yangu inaanzia hapo. Hatari hii inatoka mbali, inapimika kabla haijafika, na kwa kiasi fulani inategemea uamuzi wa watu. Bima isiyozingatia mambo hayo matatu haitamfaa mkazi wa ukingoni, hata iwe nafuu namna gani.

Bima iliyokwisha kufika katika kaunti hii ililetwa na ukame. Mwaka 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) na washirika wake walianza kuijaribu huko Marsabit. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wake wa bima ya mifugo, ambao baadaye ulienea katika kaunti kame, Tana River ikiwemo. Serikali ililipa ada ya vipimo vitano vya mifugo kwa kila kaya iliyoandikishwa, kipimo kimoja kikiwa sawa na ng'ombe mmoja au mbuzi kumi. Uzuri wa bima ya namna hii ni kwamba hakuna afisa anayetumwa kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa katika mkataba, fidia hulipwa kwa wafugaji wote wa eneo hilo walioandikishwa. Hii ndiyo bima ya fahirisi. Kwa mfugaji wa Kiorma aliye umbali wa siku mbili kutoka ofisi yoyote, ni fikra nzuri sana, na sina nia ya kuibeza.

Ila kipimo hicho hakiwezi kuyaona mafuriko. Tazama shamba la mahindi lililokaa ndani ya maji kwa siku kumi. Majani ya chini yamekuwa manjano, mizizi imeoza, na bua ukilishika linang'oka bila kukaza. Maji yakishuka hubaki tope zito, na katika tope hilo, baada ya muda mfupi, huchipua nyasi mbichi zilizosongamana. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa nchini ukavamia kingo za mto, nao unasimama palepale na majani yake, kwa kuwa haukauki hata wakati wa kiangazi. Ukipigwa picha kutoka angani, uwanda wote ni kijani kibichi. Aliyepoteza chakula cha msimu mzima atasomeka katika fahirisi kama mtu aliyeneemeka. Tatizo hili haliponi kwa kurekebisha hesabu. Chombo kimebuniwa kuona upungufu wa maji, nasi tunataka kupima wingi wake.

Kuna ugumu mwingine ambao wataalamu wa bima hawaupi uzito unaostahili: mafuriko ya Tana si balaa tu. Kwa vizazi vingi Wapokomo wamelima kwa kuyafuata maji, wakipanda mpunga, mahindi na ndizi katika udongo uliorutubishwa na mto unapojaa na kupwa. Malisho ya kiangazi ya Waorma na Wawardei hutegemea maji hayohayo. Mto ulikuwa ukijaa mara mbili kwa mwaka, karibu na Mei na karibu na Novemba, na mwaka ambao haukujaa ndio uliokuwa mwaka wa njaa. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo kubwa kuliko yote katika mfuatano ule. Linaweza kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.56. Mabwawa haya yamepunguza mafuriko ya wastani, yale yaliyokuwa yakilisha watu. Mafuriko makubwa hayakuzuiwa. Bwawa likijaa hadi ukingo, maji yanayoingia hutoka yote, kama ilivyokuwa mwaka 2018, na tena Aprili na Mei 2024, barabara ilipokatika kati ya Garissa na Madogo, abiria wakawa wanavushwa kwa boti, na moja ya boti hizo ikazama na watu.

Basi bima ya haki kwa uwanda huu ni ile inayoweza kutofautisha maji ya neema na maji ya maangamizi. Kigezo chake kiwe mto wenyewe: kina cha maji katika kituo cha kupimia cha Garissa, idadi ya siku yanazokaa juu ya kiwango fulani, na tarehe yanapofika. Maji ya siku tatu yakifika kabla ya kupanda ni rutuba. Maji yaleyale yakifika mahindi yakiwa yanabeba na kukaa wiki mbili ni njaa. Picha za rada, ambazo hupenya mawingu, zinaweza kuonyesha vijiji gani vimezama na kwa muda gani. Na kwa kuwa maji huchukua siku kadhaa kutoka Garissa hadi sehemu za chini, fidia inaweza kuanza kulipwa mkulima akiwa bado ana nafasi ya kukodi mtumbwi, kuvuna yaliyokomaa nusu na kuokoa mbegu. Mbegu ndiyo msimu unaofuata. Magodoro na unga wa msaada, vinavyogawiwa watu wakiwa tayari kambini, havirudishi mbegu.

Wapo wanaosema kuwa bima itawafanya watu wang'ang'anie ukingoni, na kwamba dawa ni kuwahamisha. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama pangekuwa na pa kuhamia. Juu ya uwanda ni ardhi kavu, nayo ni malisho ya wengine. Njia za mifugo kushukia mtoni, yaani malka, zimekuwa kiini cha ugomvi wa muda mrefu. Mapigano yaliyoanza Agosti 2012 katika delta yaliua zaidi ya watu 100. Kumwambia mkulima apande juu bila kwanza kupatana na mfugaji ni kuitafuta damu hiyo tena. Isitoshe, ukingo wenyewe hautulii. Mwaka 1989 mto ulihama njia yake, na mradi wa umwagiliaji wa Hola, uliokuwapo tangu miaka ya 1950, ukaachwa bila maji.

Ada ailipe nani? Kuiuzia kila kaya bima kwa bei inayolingana na hatari yake ni kuhakikisha kwamba wenye shida zaidi hawatainunua. Ufaransa iliamua mwaka 1982 kwamba kila mwenye bima ya nyumba atozwe nyongeza ya kiwango kimoja, awe kilimani au mtoni, ili majanga ya asili yabebwe na taifa zima. Marekani, kwa mpango wake wa bima ya mafuriko wa 1968, iliweka sharti lenye busara: mamlaka ya eneo idhibiti kwanza ujenzi katika bonde la mafuriko, ndipo wakazi wake waruhusiwe kununua. Lakini ada zake hazikutosha, na mwaka 2017 Bunge lililazimika kuufutia mpango huo deni la dola bilioni 16.

Katika Mto Tana swali hili lina jibu lililo wazi zaidi kuliko Ufaransa. Maji yanazuiliwa juu ili taa ziwake Nairobi na viwanda vizunguke. Anayefaidika na kuzuiliwa kwake ana wajibu kwa anayeumia yanapoachiliwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura usiozidi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Kwa kaunti maskini fedha hizo ni kidogo, na zinaweza kuisha kwa janga moja. Hata hivyo, katika bili ya umeme ya kila Mkenya tayari kuna tozo ndogo ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, inayotokana na umeme wa maji. Njia ya kukusanya ipo. Wabunge wa Garsen, Galole na Bura wapeleke hoja bungeni kwamba senti kadhaa ziongezwe katika tozo hiyo, ziende moja kwa moja kulipia bima ya uwanda wa Tana, na kwamba viwango vya maji ya Masinga na Garissa vitangazwe kila siku redioni kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma.