Haki Sawa ya Hifadhi ya Jamii kwa Wafanyakazi wa Kigeni

Mkataba Na. 118 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa Geneva mwaka 1962 na kuridhiwa na Kenya mwaka 1971, unazitaka nchi zilizouridhia kuwapa raia wa nchi wenza haki sawa na raia wao katika hifadhi ya jamii. Matawi yake ni tisa, yakiwemo matibabu, uzazi, uzee na ajali kazini. Hata hivyo, kila nchi hufungwa na yale iliyoyakubali pekee. Wakimbizi hulindwa pasipo sharti la nchi kutendeana sawa. Pale nchi zote mbili zinapokuwa zimelikubali tawi husika, pensheni ya uzee, ulemavu au wategemezi humfuata mstahiki hata anaporejea kwao.