Kisa cha Paris Kilivyovimeza Vingine Vinne

Ukimuuliza mpenzi wa sinema za zamani kama ameiona *L'Amour à vingt ans*, huenda akatikisa kichwa. Mtajie Antoine na Colette, atakusimulia mpaka chai ipoe. Kumbe ni filamu ileile ya mwaka 1962, ila yeye ameona kipande chake cha kwanza tu.

Mtayarishaji Mfaransa, Pierre Roustang, aliwapa waongozaji watano kazi moja: kila mtu na mji wake, kila mtu na kisa kifupi cha mapenzi ya umri wa miaka 20. François Truffaut alichukua Paris, Renzo Rossellini Roma, Shintaro Ishihara Tokyo, Marcel Ophüls Munich, na Andrzej Wajda Warsaw. Visa vyote vilikuwa vya picha nyeusi na nyeupe, jumla yake kama saa mbili. Ili visiachane kabisa, visa hivyo viliunganishwa kwa picha za mnato za Henri Cartier-Bresson na muziki wa Georges Delerue. Mwaka huohuo filamu ikashindanishwa katika tamasha la Berlin.

Truffaut alimrudisha Jean-Pierre Léaud, aliyemcheza Antoine, yule mtoto mtoro wa *Les 400 coups* ya 1959. Sasa Antoine ni kijana anayejitegemea, kibarua katika kiwanda cha santuri. Kwenye tamasha la muziki anamwona Colette, aliyechezwa na Marie-France Pisier katika kazi yake ya kwanza ya filamu, na moyo unamtoka. Anafanya nini? Anahama. Anapanga chumba hotelini, ng'ambo ya barabara, dirisha lake likitazamana na nyumba ya kina Colette. Wazazi wa binti wanampenda kijana huyu, wanamkaribisha chakula. Anayempenda kidogo ni binti mwenyewe. Usiku wa mwisho anakuja kijana mwingine, Colette anatoka naye, na Antoine anabaki sebuleni na baba na mama, watatu wote macho kwenye televisheni. Anayejua kukataliwa kwa adabu ataitambua sebule ile.

Kwa haki kabisa, kisa hicho kilipendwa. Kilizaa mfululizo: *Baisers volés* mwaka 1968, *Domicile conjugal* 1970, *L'Amour en fuite* 1979. Kikakatwa kutoka kwa wenzake, kikawa kinaonyeshwa peke yake, na vile vinne vikabaki yatima.

Cha Roma sikililii sana. Cha Tokyo, cha kijana wa kiwandani anayemwandama mwanafunzi wa kike hadi kumuua, kinatisha, na ajabu yake ni kwamba mwongozaji wake, mwandishi wa riwaya, alikuja kuwa gavana wa Tokyo kuanzia 1999 hadi 2012. Ophüls, yule wa Munich, alipata jina baadaye kwa filamu yake ya kumbukumbu kuhusu Ufaransa chini ya Wanazi.

Kinachoniuma ni kile cha Warsaw. Mtoto anatumbukia kwenye boma la dubu katika bustani ya wanyama. Watu wanapiga kelele. Mwanamume mmoja anaruka ndani na kumtoa. Binti mmoja aliyeshuhudia anamchukua shujaa huyo nyumbani, marafiki wa binti wanafika, muziki unawashwa. Katika mchezo wanamfunga kitambaa machoni apapase kuwatafuta wenzake, na ndani ya giza lile Vita vya Pili vya Dunia vinamrudia. Vijana wanacheka. Kwao vita ni hadithi ya wazee. Aliyemcheza shujaa huyo ni Zbigniew Cybulski, aliyezaliwa 1927. Filamu ni ya watu wa miaka 20, na Wajda akamweka katikati mtu wa thelathini na kitu ambaye ujana wake uliliwa na vita. Kwa maoni yangu, ndiye peke yake kati ya watano aliyeligeuza swali la Roustang badala ya kulijibu tu.

Katika *L'Amour en fuite*, Antoine anamwona Colette ndani ya treni, kwenye stesheni ya Paris. Hana tiketi. Anaidandia hivyohivyo, na wanakutana tena baada ya miaka yote ile. Cybulski naye alikimbilia treni iliyokwisha kuondoka, kwenye stesheni ya Wrocław, Januari 1967. Aliteleza, akaangukia relini, akafa akiwa na umri wa miaka 39.