Kabla ya kutupa vya zamani, ulizeni wazee

NYUMBA nyingi za mijini hupunguzwa vitu familia inapohama, au baada ya kuanua matanga. Kwa kawaida hutengwa mafungu mawili: vya kugawa na vya kutupa. Fungu la tatu, la kumbukumbu, husahaulika.

Jijini Mbeya, nguo na vyombo vinavyofaa hupata wenyewe kwa urahisi, kwa kuwa mitumba ina wateja. Lakini chungu cha Wakisi wa Kyela, kinu cha bibi au kikapu cha milulu kilichosukwa Iringa, kikishatupwa hakirudi.

Mjini Iringa, Makumbusho ya Iringa Boma, yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika jengo la enzi ya Wajerumani, huhifadhi urithi wa aina hiyo. Familia yenye kifaa cha zamani inaweza kuomba ushauri huko kabla ya kuamua.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo inahusika. Hulinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na vya baadaye vilivyotumika katika shughuli za kijamii na kiutamaduni. Kuvisafirisha nje ya nchi kunahitaji kibali.

Hatua ya kwanza haina gharama: muulizeni mzee jina la kifaa, aliyekimiliki na kazi yake, kisha andikeni maelezo hayo na kuyafunga kwenye kifaa chenyewe. Mzee akiondoka bila kuulizwa, kinachobaki ni kuni na vigae.