Waliopotezana Wakakutana: Sadfa Katika Njia ya Kutafuta Nasaba

Tarehe 21 Agosti 1846, katika mji wa Abeokuta ulio katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nijeria, bibi mmoja aliyekondeshwa na masahibu ya miaka mingi aliwasili pahali walipotua wamisionari waliotoka Sierra Leone, akimwulizia mwana aliyemzaa na kumlea, ambaye tangu siku alipopokonywa mikononi mwake hakupata tena kumtia machoni. Bibi huyo jina lake lilikuwa Afala. Na mwana aliyemwulizia, aliyeondoka kwake akiwa mtumwa asiye na matarajio, sasa alikuwa Padri Samuel Ajayi Crowther, mtu msomi, mwenye vitabu na kalamu, aliyepewa upadri London mwaka 1843.

Crowther mwenyewe aliyaandika yaliyotukia siku ile. Mama alipomwona alitetemeka, asiyaamini macho yake. Wakashikana, wakatazamana kimya kwa mshangao, na machozi yakamtiririka mama mashavuni. Kisha, huku akingali amemshika mkono, akamwita kwa yale majina ya mapenzi ambayo nyanya yake alizoea kumwita utotoni, nyanya ambaye alikwisha kufa utumwani. Hawakuweza kusema mengi. Ilikuwa imepita miaka kama 25 tangu watenganishwe, na mapenzi yao, asema mwandishi, dhuluma iliyazuia yasionekane lakini haikuweza kuyazima.

Wengi wetu tukisikia habari kama hii husema ni sadfa, au ni kudra ya Mwenyezi Mungu, nasi hatukosei, kwa kuwa hakuna mwanadamu aliyeweza kuupanga mkutano huo. Walakini mwenye kuzitazama tarehe za kale kwa makini ataona kwamba sadfa za namna hii haziwashukii watu ovyo ovyo. Aghalabu huwafikia wale ambao upande mmoja wamehifadhiwa jina, na upande wa pili wameulizwa habari. Hayo ndiyo ninayotaka kuyabainisha hapa, kwa sababu yanatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki kama yalivyowahusu Wayoruba.

Ajayi alizaliwa katika mji wa Osogun mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1821, alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, asubuhi moja wanawake wakiwa katika kuandaa chakula, mji ulizingirwa na wavamizi, ukatiwa moto. Baba yake aliwahi kurudi nyumbani kuwapa ishara ya kukimbia, kisha akarejea vitani, na kijana hakumwona tena. Mama pamoja na wanawe wakatiwa kamba shingoni wakaswagwa. Baada ya hapo kijana alibadilishwa kwa farasi, akatengwa na mama yake, akauzwa mkono kwa mkono kutoka mji hadi mji, hata akafikia kudhamiria kujinyonga usiku kwa ukanda wake kuliko kuvushwa bahari. Mwishowe alifikishwa Lagos, akanunuliwa na Wareno, na mwezi wa Aprili 1822 akapakiwa pamoja na wenziwe katika merikebu iliyoitwa Esperança Felix, safari ikiwa ni ya ng'ambo ya Atlantiki.

Merikebu hiyo haikufika mbali. Siku ya pili yake ilikamatwa na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwinda wachuuzi wa watumwa, na Ajayi akajikuta juu ya manowari Myrmidon, yeye na wenzake wakiwa katika hofu kubwa zaidi ya ile ya kwanza, hata wakazidhania risasi za mizinga zilizopangwa sitahani kuwa ni vichwa vya watu waliochinjwa. Lau merikebu ile ingalitweka matanga siku chache kabla, au upepo ungalizichukua manowari njia nyingine, Ajayi angalihesabiwa miongoni mwa maelfu kwa maelfu waliomalizia umri wao katika mashamba ya Wareno na Wahispania, na mama yake angalikufa bila ya kujua kaburi la mwanawe liko nchi gani. Badala yake alishushwa Sierra Leone, akasomeshwa, akabatizwa mwaka 1825 kwa jina la padri mmoja wa London, na mwaka 1827 akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay.

Hapo ndipo ilipokoma kazi ya bahati peke yake, ikaanza kazi ya watu. Wayoruba waliokombolewa na kukaa Sierra Leone hawakuisahau nchi yao. Kuanzia mwaka 1839, baadhi yao walichanga fedha wakanunua merikebu zile zile zilizokuwa zimekamatwa kwa kuchukua watumwa, wakazisafiria kurudi pwani ya Badagry, na kutoka hapo wakapanda bara mpaka Abeokuta. Na Abeokuta wenyewe ulikuwa mji wa waliopoteza makwao: ulianzishwa yapata mwaka 1830 na Waegba waliofukuzwa na vita, wakakusanyika chini ya jabali la Olumo, na kila aliyeingia aliulizwa katoka wapi, nani kamwona njiani, na fulani bin fulani yu hai au kafa. Si ajabu, basi, kwamba katika mji wa namna hiyo watu waliotengana miaka mingi walionana tena, na kwamba habari ya padri Myoruba aliyekuja na wazungu ilimfikia mama aliyekuwa akikaa kijiji cha jirani.

Fauka ya hayo, Crowther naye alikuwa ameutengenezea mkutano huo njia bila ya kujua. Mwaka 1837, miaka tisa kabla ya kuonana na mama yake, aliiandika habari ya kutekwa kwake: mji aliozaliwa, jamaa aliofungwa nao, masoko aliyouzwa na mikono aliyopitia. Jina la Ajayi hakulitupa alipopewa la Samuel, na lugha ya mama yake, ambayo wengi wa rika lake walikuwa wakiiacha, yeye aliitungia kitabu cha maneno. Hata kuchelewa kwake kulimsaidia: alifika Badagry Januari 1845, akapata habari kwamba Sodeke, kiongozi wa Waegba, amefariki na njia ya bara imefungwa na vita, akalazimika kungoja zaidi ya mwaka mmoja, na alipoingia Abeokuta tarehe 3 Agosti 1846, hazikupita siku ishirini mama akamfikia. Afala alibatizwa mwaka 1848, akaishi hata mwaka 1883, miaka kumi na tisa baada ya mwanawe kuwekwa askofu katika kanisa kuu la Canterbury.

Mfano wa pili ni wa upande wetu wa bara. Mwezi wa Septemba 1888 manowari ya Kiingereza iitwayo Osprey ilikamata majahazi matatu katika Bahari ya Shamu, ndani yake wakiwamo Waoromo zaidi ya 200 kutoka Uhabeshi, wengi wao watoto, waliokuwa wakipelekwa kuuzwa Arabuni. Walipelekwa Aden, na sehemu yao wakatunzwa na misheni ya Waskoti huko Sheikh Othman. Lakini joto na maradhi yaliwaua wengi, ikaamuliwa waliosalia wapelekwe pahali penye hewa nzuri zaidi. Hivyo mwaka 1890 watoto 64 walisafirishwa hadi Lovedale, katika jimbo la Cape, Afrika ya Kusini. Ila kabla ya kuondoka jambo moja lilifanyika ambalo waandishi wake pengine hawakuijua thamani yake: kila mtoto, kwa msaada wa wakalimani, aliulizwa kwao ni wapi, wazazi wake ni nani, ana ndugu wangapi, nani alimkamata na nani alimwuza, na majibu yake yakaandikwa.

Mmoja wa watoto hao alikuwa yatima aliyeitwa Bisho Jarsa. Alikulia Lovedale, akafundishwa ualimu, akaolewa, akazaa. Na binti yake akamzaa Neville Alexander, aliyezaliwa Cradock mwaka 1936, yule mwanazuoni na mpigania uhuru aliyefungwa miaka kumi katika kisiwa cha Robben, tangu 1964 hadi 1974. Wajukuu walikuwa wakimsikia bibi yao akinong'ona peke yake kwa lugha ambayo hapana mwingine nyumbani aliyeifahamu, wakamwogopa kwa heshima. Yaliyomkuta Bisho utotoni yalikuwa yamekaa katika kumbukumbu zilizohifadhiwa, pamoja na ya wenzake 63, mpaka mtafiti Sandra Rowoldt Shell alipoyatandaza yote pamoja katika kitabu chake cha mwaka 2018. Nami sioni kuwa ni jambo dogo kwamba mjukuu wa mwanamke yule ambaye lugha yake haikuwa na mtu wa kuijibu, ndiye aliyeutumia umri wake kutetea lugha za mama za watu wa Afrika.

Sasa na tugeukie pwani yetu. Mwezi ule ule wa Agosti 1846 ambao Afala alimwona mwanawe Abeokuta, Krapf na Rebmann, watumishi wa chama kile kile cha misheni kilichomtuma Crowther, walikuwa wakianza kituo chao Rabai, nyuma ya Mombasa. Baadaye Rabai ikawa makao ya waliokombolewa baharini na kusomeshwa Nasik, karibu na Bombay. Na baada ya mkataba wa mwaka 1873, Sayyid Barghash alipofunga soko la watumwa la Unguja, kikaanzishwa mwaka 1875 kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ambacho kengele yake ndiyo iliyopapa jina pahali panapoitwa Kengeleni hata leo. Humo walichanganyika Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wanyamwezi na wengineo, watu waliotekwa mbalimbali na kuunganishwa na msiba mmoja.

Lakini wengi wao nasaba zao ziliishia kwenye ngazi ya manowari. Mtoto alipanda na jina la ukoo wake, akashuka na jina la Kiingereza. Na leo katika Freretown na Rabai wako watu wenye majina ya mabwana wasiowahi kuwaona, ambao wakiulizwa babu wa babu yao alitoka wapi, hawana la kujibu ila kusema alitoka bara. Matthew Wellington, mmoja wa wale walioichukua maiti ya Livingstone hadi pwani na aliyefariki Mombasa mwaka 1935, twamjua kuwa Myao na twalijua jina lake la kwanza, Chengwimbe, kwa sababu alidumu umri mrefu na wako waliomwuliza na kuandika. Wangapi waliochukua mzigo ule ule hawakuulizwa na mtu?

Ndiyo maana inatupasa kumshukuru James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, ambaye mwaka 1934 alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa na kuziandika kwa Kiswahili habari za kutekwa, kuokolewa na kukaa kwa watu wa Freretown. Wapo waliokilaumu kitabu hicho kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina msingi. Ila faida yake haikanushiki, kwa kuwa alipokea maneno kutoka vinywani mwa wazee wakiwa hai, akayatia katika lugha ambayo wajukuu wao waweza kuisoma.

Wala njia za kutafuta hazijafungika. Misheni ya Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1868, iliwapokea waliokombolewa. Na tangu amri ya mwaka 1897 iliyoufuta utumwa kisheria katika Unguja na Pemba, mahakama ziliandika habari za walioachwa huru, na nyaraka za wakati huo zimehifadhiwa Zanzibar. Hata Freetown ya Sierra Leone, upande wa pili wa bara, Mjerumani Koelle alipokusanya maneno ya lugha za waliokombolewa kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1854, miongoni mwa zaidi ya watu 200 aliowahoji walikuwamo wa kutoka Quelimane na nchi za Msumbiji, na aghalabu aliandika mtu katoka wapi na jinsi alivyotekwa. Huenda mtu wa Lindi au wa Mtwara akakuta alama ya ahali yake katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya lugha za Afrika ya Magharibi.

Ila daftari ya mbali haimfai mtu asiyekuwa na chochote cha kulinganisha nayo. Atakayepata faida ni yule anayejua jina la mama wa bibi yake, si la babu peke yake. Anayejua ukoo wao wana mwiko gani, wana utani na nani, wanatambika au kuzuru makaburi wapi, na mzee wao wa kwanza kufika mji ule alifikia kwa nani. Haya si mambo makubwa, nayo hayahitaji elimu ya chuo. Yahitaji mtu akae na shangazi yake au babu yake jioni moja, amwulize kwa adabu, na aandike kila jina kama lilivyotamkwa, pamoja na tarehe ya kuandikwa na jina la aliyesimulia. Na pale ambapo habari ni ya utumwa, ambayo wengi waliificha kwa haya, na aulizwe mzee kwa upole zaidi, akielezwa kwamba aibu ni ya aliyemwuza mtu, si ya aliyeuzwa wala ya dhurria zake.

Basi yeyote aliye na mzee nyumbani asingoje msiba ndipo aanze kuulizana na jamaa nani ni nani. Mjukuu atakayekutana na ndugu zake baada ya miaka sitini, katika mji ambao sisi hatuujui, ataiita siku hiyo sadfa, na atakuwa na haki ya kumshukuru Mola kwa ajili yake. Walakini nusu ya kazi itakuwa imefanywa leo na yule aliyeuliza na kuandika.