Mama Barbro wa Tabora

Barbro Johansson alizaliwa Malmö, Uswidi, mwaka 1912, mwaka uleule reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora na kuanza kuwanyang'anya kazi wapagazi wa njia ya Bagamoyo na Ujiji. Alikuja Tanganyika mwaka 1946 akiwa mmisionari, akaanzisha shule ya wasichana Kashasha, Bukoba.

Mwaka 1959 aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, chama ambacho wakati huo kilikuwa bado hakiandikishi wanachama wasio Waafrika. Baada ya Uhuru alichukua uraia.

Katikati ya miaka ya 1960 alikabidhiwa Shule ya Wasichana Tabora. Mji huu ulizoea kujivunia shule yake ya wavulana, iliyowasomesha Nyerere na Kawawa. Ya wasichana ilitajwa baadaye, kama ilitajwa. Aliiongoza hadi 1970, kisha akaenda kufanya kazi ubalozi wa Tanzania, Stockholm. Alifariki mwaka 1999. Shule ya wasichana yenye jina lake ipo Luguruni, Dar es Salaam.