Kipimio cha Ramani na Udongo wa Masisi na Walikale

Ramani ya udongo wa Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, iliyotolewa mwaka 1960 na taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, ilichorwa kwa kipimio cha 1:5,000,000, yaani sentimita moja kwa kilomita 50. Humo Masisi nzima haifiki sentimita 2 za mraba. Walikale, yenye zaidi ya kilomita za mraba 23,000, hupata kama 9.

Kipimio hicho kina manufaa yake. Mpito kutoka udongo wa majivu ya Virunga, upande wa Sake, hadi udongo mwekundu mkongwe uliochujwa na mvua katika misitu ya Walikale, hauonekani na aliyesimama shambani. Lakini mkulima wa Masisi halimi jimbo, hulima mteremko: juu udongo umemomonyoka, bondeni ni mweusi na hutuamisha maji. Tofauti hiyo ramani iliimeza kwa lazima. Kosa, kama lipo, ni la msomaji anayeichukua rangi moja kuwa sifa ya kila shamba, kisha akagawa ardhi au kushauri mbegu kwa msingi huo.

INEAC yenyewe haikuishia hapo: mwaka uleule ilichapisha ramani ya Pécrot na Léonard iliyohusu safu ya milima ya Kivu peke yake. Hata hiyo haikufika kwenye mteremko mmoja, ambako mwanamke wa Masisi huamua maharage yaende wapi na viazi wapi.